Miaka Yangu Katika Chumba cha Siki

Mliniomba niandike mambo ya kazi, nikakubali kwa sababu siku ile ya kuniaga nilikuwa nimeshika sahani ya pilau na nyote mlikuwa mnanitazama. Pilau imekwisha, ahadi imebaki. Nitaandika kama nilivyokuwa najaza rejista, kutoka juu kwenda chini, ila nitaingiza na yale ambayo rejista haina safu yake. Mambo ya vyeo siyataji. Anayetaka kujua nilipandishwa lini aende masjala, na wakiliona jalada langu wanipigie simu na mimi nijue.

Nilitoka Njombe nikiwa msichana mwenye sanduku la bati na barua ya kupangiwa kazi Tarime. Nyumbani waliniambia nakwenda kwenye joto na vita. Joto sikuliona, asubuhi ya kwanza nilivaa sweta lile lile la Njombe. Vita ilikuwa wodi ya wanaume, kwenye majeraha ya panga na mishale ya watu waliogombana kwa ajili ya ng'ombe. Mimi nilipangiwa kliniki ya akina mama, na huko adui alikuwa kimya.

Aliyenipokea ni Mama Kemi, mkunga wa Kihaya, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ile ile ya kwanza aliniita nimsaidie kumwosha mama mmoja aliyeletwa kutoka vijijini. Mama yule alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuoza. Sikuwahi kukutana na harufu ya namna ile. Nilishika beseni kwa dakika chache, kisha nikakimbia nje nikatapika kwenye maua ya hospitali. Mama Kemi alinifuata, akasimama nyuma yangu hadi nikamaliza.

"Umetapika? Vizuri, umemaliza. Sasa nawa mikono urudi ndani. Yeye hana pa kukimbilia."

Nilirudi. Mama yule alifariki wiki iliyofuata, akiwa na watoto sita. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu kwa ugonjwa huu: kuosha, kubadilisha vitambaa, kutuliza maumivu kwa dawa kidogo tuliyokuwa nayo, na kuwaambia ndugu. Wote walifika wakiwa wamechelewa. Nilimwuliza Mama Kemi kwa nini hawaji mapema, akanijibu kwamba mapema hakuna kinachouma, na mtu asiyeumwa haendi hospitali hata wewe.

Ndipo ikaja siki. Vijana mliozoea mashine mnaweza kucheka, lakini siku tuliyorudi kutoka mafunzoni na chupa zile nilijiona nimepewa bunduki. Unaweka spekula, kile chuma cha kufungulia njia, unawasha taa, unapaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi, unasubiri dakika moja. Penye hatari panageuka doa jeupe. Doa hilo si saratani. Ni mahali ambapo saratani inaweza kuja kuota baada ya miaka kadhaa, na ukilitibu leo umemaliza. Mama Kemi aliweka saa ya ukutani juu ya kitanda kwa ajili ya dakika hiyo. "Dakika ni sekunde sitini," alisema, "si arobaini pamoja na hamu yako ya chai." Chumba kikanuka siki, wagonjwa wakakiita chumba cha siki, na jina likaganda.

Tiba ilikuwa mtungi wa gesi, ile ile inayotiwa kwenye soda. Inapita kwenye bomba, inagandisha doa, doa linakufa. Mtungi ulikuwa mzito kama ndama na uliisha siku zile tu ambazo foleni imefika getini. Siku hizi mna kimashine cha joto kinachotumia betri, kinaingia kwenye mkoba. Naomba msikisifu sana mbele yangu, bado mgongo unaniuma.

Niliyoyafurahia zaidi katika mafunzo yale ni habari ya kinga. Mlango wa kizazi hauharibiwi na laana, wala na uchafu, kama tulivyozoea kusikia. Unaharibiwa na kirusi ambacho karibu kila mwanamke aliyewahi kuwa na mwanamume atakutana nacho. Na wengi wao mwili hukifukuza wenyewe, kimya kimya, bila mwenye mwili kujua kwamba aliwahi kuvamiwa. Nilipolisikia hilo nilikaa kitako. Tulikuwa tunawaona wale waliozidiwa tu, kumbe nyuma yao kulikuwa na maelfu ya wanawake wanaopalilia mahindi yao ambao askari wa mwili walikwisha kuwamalizia kazi. Tangu siku hiyo kila niliyemkuta mzima nilimtazama kwa heshima.

Sasa naja kwenye kosa langu. Majina nitakayotaja si yao, lakini wenyewe wameniruhusu kusimulia, na mmoja wao aliniambia nisipunguze kitu.

Nilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote. Ukishagandishwa, hutakiwi kukutana na mwanamume kwa mwezi mzima hadi kidonda kipone. Mwanzoni niliwaambia wake peke yao. Mmoja wa Sirari, mke wa dereva wa lori, alirudi siku ya tano akivuja damu. Mume alikuwa amerudi safari na hakuwa na habari za mwezi wala nyota. Nilikasirika sana. Kuanzia hapo nikasema simtibu mtu mpaka mume aje, akae mbele yangu, asikie kwa masikio yake mwenyewe. Mama Kemi alinitazama juu ya miwani. "Sheria yako itakuja kukuuma," alisema, na akaendelea kukunja vitambaa.

Boke alitoka Itiryo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mpole, mwenye mtoto mmoja wa kike. Alikuwa ameanza dawa za VVU muda si mrefu, na kliniki ya dawa ndiyo iliyomtuma kwangu, kwa sababu mwenye VVU askari wake wamepungua na kirusi kile cha kizazi kinapata nafasi ya kukaa. Nilipaka siki, nikahesabu dakika, na doa likatokea, dogo, la kutibika siku hiyo hiyo. Mtungi ulikuwa na gesi.

"Mume wako yuko wapi?" nikamwuliza.

"Yuko nje, sista."

Nikafungua mlango. Benchi lilikuwa na akina mama, watoto wawili, na bibi mmoja mwenye fimbo na koti la kiume. Nikafunga mlango. "Hayupo. Nenda, urudi naye."

Hakubishana. Nilidhani amenidanganya kwa kumwogopa mwanamume wake, na nikajisifu moyoni kwamba nimemlinda. Alirudi baada ya miezi minne, mvua ilipopungua na barabara ikapitika. Nikauliza yale yale, akanijibu yale yale, nikafungua mlango, nikaona akina mama na bibi mwenye koti. Safari hii nilimgombeza kidogo. Alirudi tena baada ya miezi sita.

Mara ya tatu niliudhika. Nilifungua mlango nikasema kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la dawa, "Mume wa Boke ni nani hapa?"

Yule bibi akasimama, akaegemea fimbo yake. "Ni mimi."

Wadogo zangu, nilikuwa nimeishi mkoani Mara miaka mingi. Habari za nyumba ntobhu nilizijua kama ninavyojua kwamba kuna theluji: nimesikia ipo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mwenye ng'ombe wake, anatoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Mwanamume wa kuzaa naye anapatikana, lakini hana sauti katika boma. Mwenye boma, mwenye ng'ombe na mwenye mke ni yule mama. Haya yote ningeweza kuwaeleza wageni wa kutoka Dodoma nikiwa nakunywa chai. Ila kwenye fomu, mahali palipoandikwa jina la mume, akili yangu ilikuwa inavaa suruali.

"Mara ya kwanza nilikuja," akasema Bibi Nyangi, kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mara ya pili nilikuja. Unafungua mlango, unaniangalia, unafunga. Nikasema pengine dawa yenu inataka niangaliwe kwanza."

Hakuna aliyecheka kwenye benchi. Kwao hapakuwa na cha kuchekesha. Walikuwa wanashangaa nesi gani huyu.

Nilimwingiza ndani, nikamlaza Boke, nikapaka siki. Sikuhitaji dakika nzima. Doa lililokuwa dogo miezi kumi nyuma lilikuwa limetanda na kuingia ndani ya mlango wa kizazi, mahali ambapo gesi yetu haifiki.  Nilikuwa na tiba, mgonjwa alikuwa kitandani, mume alikuwa nje ya mlango, na mimi ndiye niliyewarudisha nyumbani mara mbili.

Niliwaambia ukweli. Nilisema, "Hapa nimekosa mimi. Sasa inabidi muende Mwanza, wakate sehemu iliyoharibika kwa waya wa umeme, waipime kama imekwisha kuwa saratani."

Bibi Nyangi hakuligusa kosa langu kwanza. Aliuliza, "Watatoa kizazi?"

"Kama bado haijawa saratani, hapana. Wanakata mlangoni tu."

"Na kama imekuwa?"

"Ikishakuwa, wanaweza kutoa."

Akamgeukia Boke. Nilijua anachokifikiria, maana alimwoa Boke ili nyumba yake isizimike, na mtoto wa kiume alikuwa hajapatikana. Boke alikuwa anatazama dari. Mambo mawili yalikuwa yananing'inia pale, uhai wa yule binti na nyumba ya yule bibi, na kamba niliishika mimi.

"Imeingiaje hiyo kitu ndani yake?" Bibi Nyangi akauliza.

Nikamtazama Boke, kwa sababu siri ya dawa zake ni yake. Boke akasema, "Mweleze tu, sista. Anajua. Yeye ndiye ananikumbushaga vidonge."

Nikaeleza. Nikasema mwili una walinzi wake, kirusi kikiingia wanakitambua na kukitoa, ila walinzi wa Boke walikuwa wamepungua. Bibi Nyangi akatikisa kichwa. Aliniambia ng'ombe akiugua ndigana akapona, mwakani kupe wale wale hawamwangushi hovyo. Nikasema ndivyo, damu inakumbuka.

"Basi walinzi wakiongezeka na hizo dawa, si watakula hiyo saratani?"

Hapo ndipo pagumu, na wengi wenu mliniuliza swali hilo hilo mkiwa mafunzoni. Nikamwambia kirusi ni mgeni, lakini saratani si mgeni. Ni nyama ya mwili wenyewe iliyoasi. Walinzi wanapita karibu nayo na wanaiona ni ya nyumbani, na yenyewe inajua kuwatuliza.

Akafikiri. "Ni kama mwizi wa ng'ombe aliyezaliwa boma hilo hilo," akasema. "Mbwa hawambwekei."

Nimekaa madarasani na wataalamu wenye picha za ukutani, na sijawahi kusikia ikisemwa vizuri kuliko hivyo. Nilimwambia ndiyo maana mwizi huyo anawahiwa kabla hajafungua zizi. Kisha nikamwambia habari ya mwezi mzima bila mwanamume baada ya kukatwa. Akagonga fimbo sakafuni.

"Huyo kijana nitamwambia mimi. Mwezi huo asikanyage boma langu. Akikanyaga, ataletwa hapa kwenu akiuguza mgongo."

Katika miaka yote ya sheria yangu, huyo ndiye mume pekee niliyemwamini.

Walipoondoka nilikwenda kwa Mama Kemi nikamwambia yote. Sikupata pole. Alifungua rejista, akanipa kalamu. "Andika: mteja alirudishwa mara mbili kwa kosa la muuguzi. Weka na sahihi." Nikaandika. Ukurasa ule upo kabatini, na siku nilipokabidhi ofisi nilihakikisha mmeuona.

Waliondoka na basi la asubuhi wiki ile ile. Boke alikatwa, akarudi nyumbani, kipande chake kikabaki maabara. Tulisubiri wiki sita. Sikulala vizuri, na nikawa mkali kwa watu wasio na hatia. Nawaomba radhi waliokuwepo. Barua ilipofika niliifungua kwenye korido. Daktari alikuwa ameandika kwamba seli zimeharibika kwa kiwango cha juu lakini bado si saratani, na kingo za kipande ni safi, yaani ubaya wote umekatika. Nilisoma mara tatu, nikaenda chooni nikalia. Nililia kwa furaha na kwa aibu, sijui kipi kilizidi.

Sheria yangu niliifuta siku hiyo. Anayetibika leo anatibiwa leo, na wa kuelezwa ni yule mwenye mwili. Akitaka kumleta mtu asikilize, yeye ndiye anayesema mtu huyo ni nani.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, sioni haya kusema. Boke alirudi kila mwaka kupimwa, kwa sababu tuliondoa doa lakini kukizuia kirusi kisirudi ni kazi ya walinzi wake, na walinzi wanataka vidonge kila siku. Hakukosa. Baadaye alijifungua mvulana, zamu ya mkunga mwingine, kwa hiyo sina la kujisifia. Bibi Nyangi alimsindikiza kila safari, na mimi nilimwekea kiti chake, nikamwita baba mwenye boma, naye akapenda.

Chanjo ya wasichana ilipoanza, tulipata shida vijijini. Nyamongo vijana wa bodaboda waliwaambia wazazi kwamba sindano inaua uzazi. Itiryo mkutano ulikuwa unaelekea kutushinda, hadi Bibi Nyangi aliposimama kati ya wanaume.

"Mura," akasema, kama wanaume wa huku wanavyoitana, "ndama unamchanja ili damu yake imjue adui kabla hajaja. Huyo ndama anazaa, hazai?"

"Anazaa," wakajibu.

"Basi binti yako ni mdogo kuliko ndama?"

Tulichanja hadi boksi likaisha. Nilirudi nikiimba kwenye gari la chanjo, dereva ni shahidi.

Mwaka wangu wa mwisho kikaja kipimo kipya. Mwanamke anajichukulia mwenyewe kwa kijiti laini, sampuli inaingia kwenye mashine ile ile ya kifua kikuu, na mashine inasema kama kirusi kipo. Kinafaa hata kwa wakubwa ambao siki haiwaoni vizuri, kwa kuwa umri ukienda sehemu ile hujificha ndani. Nilikuwa namweleza Boke. Bibi Nyangi alikuwa kwenye kiti chake, amekishika kijiti kimoja anakigeuza.

"Sista, hii nayo ni ya wake peke yao?"

Nikaweka kalamu chini. Yule mama alizaa watoto wawili wa kike kabla hajafiwa na mumewe. Alikuwa na kizazi kama mimi. Miaka yote ile nilimpa kiti, nilimpa heshima, nilimpeleka mikutanoni akahubiri, na sikumpima hata siku moja. Kwanza sikumwona kuwa mume. Nilipomwona kuwa mume, nikaacha kumwona kuwa mwanamke.

"Si ya wake peke yao," nikasema. "Nisamehe."

"Mimi sijui kusamehe watu wa hospitali kila mwaka," akasema. "Nionyeshe inavyoingia."

Majibu yake yalitoka wiki mbili kabla sijastaafu. Ningeweza kupiga simu, lakini nilipanda pikipiki hadi Itiryo. Nilimkuta kwenye zizi akitoa kupe masikioni mwa ndama. Nikamwambia hana kirusi, yuko salama. Hakuacha ndama.

"Vizuri," akasema. "Sasa hapa kijijini tuko watano tuliooa. Hao wengine nani atawaita? Mkitangaza wanawake waje, wanatuma wake zao."

Njia nzima nilirudia swali lake kichwani. Kila mara tulikuwa tunatangaza kwa kipaza sauti, mama zangu, dada zangu, njooni, na kila mara kulikuwa na watu waliosikia wakaona hawahusiki. Nilipofika nikampigia simu Bibi Nyangi, nikamwomba awaite yeye, kwa maneno yake.

Siku yangu ya mwisho kazini mnaikumbuka kwa pilau. Mimi naikumbuka kwa asubuhi yake, kabla hamjaanza kupanga viti. Walifika wakiwa na fimbo na makoti, Bibi Nyangi akiwa mbele, wake zao wakakaa nje kuwasubiri. Nilipima kizazi cha waume wanne, nikaandika majina yao, nikanawa mikono.

Mlinipigia simu ya majibu juzi. Watatu wako salama. Mmoja ana kirusi, anatakiwa achunguzwe zaidi, na mmempa tarehe ya Jumanne hii. Anaishi mbali na barabara, atatembea hadi lami ndipo apate pikipiki, na mkewe atamsindikiza. Mfungulieni mapema.